Alama Hamsini na Nane

Tarehe 11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya hiki cha wiki saba. Kila Jumapili nilikaa na kalamu, nikaandika "Baba mpendwa", kisha nikakosa neno la kufuatia ambalo lisingekutia wasiwasi. Sasa ninalo, nalo ni swali.

Kwanza niambie hali yako. Goti linaendeleaje? Na hao wageni wako watatu, mume wangu na wanangu wawili, Bi Kwanini na Tonge, hawajaimaliza subira yako? Mimi ni mzima. Karakana yetu ya meno ya bandia ina watu sita na madirisha mawili. Kazi yangu ni kuyapanga meno kwenye nta, moja moja, kabla hayajapelekwa kwa wenye plasta. Msimamizi wetu si msemaji. Juzi aliinua taya nililolimaliza, akaliangalia kwenye mwanga, akasema, "Huyu mtu atacheka." Wenzangu wakapiga makofi. Wanasema hiyo ni hotuba.

Swali langu ni hili. Mume wangu na watoto wanakuja mwishoni mwa Agosti, na shule zinafunguliwa tarehe mbili Septemba. Tonge ana miaka minne, atakaa nyumbani na baba yake kwa mwaka mmoja. Bi Kwanini ndiye anayeninyima usingizi. Huku ugenini mtoto hupokelewa katika shule ya mtaa anaoishi. Ukikosea mtaa, umekosea shule, na mkataba wa nyumba ni wa miaka miwili. Watu wa kazini kila mmoja ana shule yake anayoisifu, na kila mmoja anaisifu ile waliyosoma watoto wake.

Wewe ulikagua shule miaka thelathini na moja. Niambie nitazame nini.

Binti yako

~

Tarehe 19 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Kimya chako nimekisamehe, ingawa sijakisahau. Barua yako ina makosa matatu. Nimeyaacha, si kwa sababu sikuyaona.

Goti linafanya kazi kwa ratiba yake, si yangu. Mumeo ameitengeneza milango yote ya nyumba hii, hata ile iliyokuwa haina kasoro. Seremala akikosa kazi ni hatari. Tonge anakula vizuri. Bi Kwanini mguu wake umepona kabisa na sasa anapanda ngazi mbilimbili, yaani kwa mtindo uleule uliomvunja. Kama unavyojua, mwaka huu wote aliokaa nyumbani mimi ndiye niliyemfundisha, na shule yake imenikabidhi hata mitihani niisahihishe. Jana aliniuliza kwa nini kivuli cha moshi kina rangi ya kahawia. Tulitoka nje tukakitazama. Ni kweli.

Sasa sikiliza. Usilitazame lango. Shule hujisifia langoni. Nenda bila kutangaza, ufike dakika tano kabla mapumziko hayajaisha, uhesabu inachukua muda gani kwa watoto kurudi wakaketi. Shule mbaya ina kengele kubwa. Kisha omba kuonyeshwa vyoo vya wanafunzi, si vya walimu. Wakikupa sababu, shika njia. Ingia maktaba, uchukue kitabu chochote, ukifungue. Kikilia kama kuni kavu, hakijawahi kusomwa. Ukipata nafasi, omba daftari la mtoto anayeketi nyuma kabisa. La mbele watakupa wenyewe. Tazama kama mwalimu amelipitia hadi ukurasa wa mwisho, au alichoka katikati ya muhula.

Mtaa nao ukague hivyohivyo. Simama kwenye kona saa ambayo watoto wanatoka shule. Kama wanatembea wenyewe wakibishana, mtaa huo unakaliwa. Kama wote wanaingia kwenye magari, hapo watu wanalala tu.

Andika unachokiona, si unachokipenda.

Baba yako

~

Tarehe 2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku mzima, natumaini nanyi hivyo. Nimekuwa mkaguzi, Baba! Nilichukua siku mbili za likizo, nikavaa viatu vyangu vya heshima, nikaenda.

Shule ya kwanza iko kilimani, kwenye mtaa ambao msimamizi wetu anaishi. Lango lake linafunguka lenyewe. Mtu wa mapokezi alinipa kijitabu chenye picha za watoto wanaocheka. Maktaba yao, Baba, ina viti vya duara na zulia. Nilichukua vitabu vinne. Vyote vililia. Nilipoomba kuona vyoo vya watoto yule bibi alicheka, akasema, "Wazazi wengi huomba kuona bwawa la kuogelea." Nikamwambia, "Bwawa halihitajiki kila siku." Vyoo sikuonyeshwa. Kwenye kona ya mtaa nilisimama dakika arobaini, nikahesabu magari hamsini na watoto wawili wanaotembea, na hao wawili walikuwa wakimkimbiza mbwa.

Shule ya pili iko bondeni, ya matofali mekundu, dakika tisa kwa miguu kutoka karakana yetu. Rangi ya mlango imebanduka. Nilifika kabla mapumziko hayajaisha. Kelele ilikuwa kama ya soko. Nikasema moyoni, hapa Baba angegeuza gari. Kisha mwalimu mmoja akatoka akasimama tu mlangoni, mikono nyuma, hakusema neno. Dakika mbili na nusu, uwanja ukawa mtupu. Hakuna kengele! Mhudumu wa usafi alinipeleka vyooni mwenyewe, na njiani akawaita watoto watatu kwa majina na kumwambia mmoja afunge kamba za kiatu. Maktaba ni chumba chembamba chenye vitabu vilivyoungwa kwa utepe, vingine mara mbili. Kimoja kuhusu mifupa kilikuwa hakina jalada kabisa. Mkutubi aliniomba radhi: "Hicho hakikai rafuni, kila wiki kinaazimwa." Daftari la mtoto wa nyuma nililiona. Mwalimu alilipitia hadi mwisho, na mahali pamoja aliandika: "Sikubaliani nawe, njoo tubishane."

Mara moja nikamwona Bi Kwanini mle ndani.

Nyumba nayo nimeipata mtaa huohuo. Vyumba vitatu, jiko lenye dirisha linalotazama uchochoro, na kibanda nyuma ambacho mume wangu anaweza kuweka randa zake. Majirani wanagombana juu ya mahali pa kuegesha baiskeli, kwa hiyo nadhani mtaa unakaliwa. Mwenye nyumba, mzee mmoja fundi saa, amekubali kunishikia hadi tarehe kumi Agosti, nikimletea karatasi ya shule inayosema mtoto amepokelewa.

Shule wanataka ripoti ya mwaka wa mwisho na maoni ya mwalimu aliyemfundisha. Mwalimu huyo ni wewe. Naomba uitume mapema.

Binti yako

~

Tarehe 6 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Umekagua vizuri. Hukuniambia juu ya uingizaji hewa, lakini kwa mara ya kwanza si haba.

Ripoti hii hapa. Mumeo ameipiga picha kwa simu, ameituma pamoja na barua hii, na amenihakikishia kuwa muhuri unasomeka. Nimeijaza kwa haki, pasipo kumpendelea kwa kuwa ni damu yangu. Hesabu 64, sayansi 61, lugha 58. Katika maoni nimeandika: "Anauliza sana. Ajitahidi zaidi."

Wakikuuliza lolote, waambie mwalimu aliyesahihisha hakuwahi kukatiwa rufaa.

Baba yako

~

Tarehe 24 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Leo sitaandika mengi ya salamu, unisamehe.

Shule imemkataa Bi Kwanini kwa darasa la sita.

Niliitwa na karani wa usajili, kijana mpole. Alikuwa ameiweka ripoti yako mezani kama mtu anayetaka kutoa habari za msiba. Akaniuliza taratibu, "Mama, mtoto amewahi kuchunguzwa kama ana tatizo la kujifunza?"

"Hana tatizo."

"Lugha hamsini na nane. Huku chini ya sabini tunahesabu kwamba hakufikia kiwango."

"Hizo ni alama za babu yake."

Aliinua macho kutoka kwenye ripoti. "Babu yake hampendi?"

Baba, sikujua nicheke au nilie. Nilimweleza kwamba wewe ni mkaguzi mstaafu, kwamba unasahihisha kwa ukali. Akasema kila mzazi humwambia hivyo. Kanuni yao ni kwamba mtoto wa namna hiyo hurudishwa madarasa mawili nyuma. Darasa la nne pale limejaa, kwa hiyo atapelekwa shule nyingine ng'ambo ya reli, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, akae na watoto wa miaka tisa. Na bila karatasi ya shule ile ya matofali, fundi saa hanipi nyumba.

Uliandika hamsini na nane. Huyu mtoto alisoma kamusi kwa ajili ya kujifurahisha alipokuwa amelazwa na mguu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijalisema kwa miaka ishirini na miwili. Unaukumbuka mtihani wa majaribio uliotutungia wilaya nzima, ukausahihisha mwenyewe? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Karatasi yangu ilirudi na 61 na maneno yaleyale: "Ajitahidi zaidi." Wiki ileile tulijaza fomu za kuchagua masomo ya mbele. Nilikuwa nimeandika "daktari". Nilifuta, nikaandika "fundi". Nilisema, kama baba yangu mwenyewe anaona mimi ni wa sitini, nani atanidanganya kuwa ni zaidi?

Kazi yangu naipenda, siijutii. Lakini siku ile sikuichagua. Nilijipunguzia.

Sitaki Bi Kwanini ajipunguzie. Naomba uandike ripoti nyingine.

Binti yako

~

Tarehe 1 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mume wangu anasema barua yangu uliisoma mara mbili ukaingia chumbani. Goti linakuuma?

Binti yako

~

Tarehe 9 Julai

Baba,

Shikamoo. Karani amenipa hadi mwisho wa mwezi. Kama nimekukosea adabu, niambie nimekukosea adabu. Lakini niambie kitu.

Binti yako

~

Tarehe 15 Julai

Binti yangu,

Marahaba, mara tatu, kwa barua tatu. Nakuomba radhi kwa wiki hizi tatu. Hukunikosea adabu. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nafanya ukaguzi.

Nilishusha sanduku la madaftari ya alama kutoka juu ya kabati. Mumeo alilishika upande mmoja, na Bi Kwanini akatoa maelekezo. Madaftari ni thelathini na moja, moja kwa kila mwaka. Nilianza na la kwanza, nikitafuta kitu kimoja: sabini. Nilitaka nikuandikie kwamba fulani na fulani niliwapa sabini, kwa hiyo njia ilikuwa wazi kwa kila mtu. Nilisoma siku tisa. Sabini haimo. Kubwa kuliko zote ni 66, na huyo niliyempa nakumbuka nilimwita ofisini nikamwuliza kama alinakili.

Tulifundishwa hivyo. Mwalimu wetu chuoni alisema mia ni ya Mungu, tisini ni ya aliyetunga kitabu, themanini ni ya mwalimu, na mwanafunzi asiyeridhika na sitini ana kiburi. Tulicheka, kisha tukaenda kulitenda jambo hilo kwa umakini maisha yetu yote. Au nilidhani tulilitenda wote.

Nilimwendea Rula. Unamkumbuka, mkaguzi mwenzangu, yule mrefu anayetembea kama amemeza fimbo. Nilichukua karatasi tatu za mtihani za Bi Kwanini, nikazinakili upya kwa mkono wangu bila alama na bila jina.

"Karibu, mzee. Umepotea kama pesa ya mshahara."

"Nisahihishie hizi."

"Hata maji hujanywa! Tumestaafu, bwana. Kalamu nyekundu nilimpa mke wangu aandikie orodha ya soko."

"Sahihisha kama ulivyokuwa ukisahihisha."

Alisahihisha. Mimi nilikaa nikitazama picha za harusi za watoto wake, zote, hadi za yule wa mwisho. Alipomaliza aliziweka sawa kingo zake. Hesabu 95, sayansi 93, lugha 88.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wa jirani."

"Jirani yako amebarikiwa. Huyu anaandika kama mtu anayebishana na kitabu. Umri?"

"Kumi na moja. Ni mjukuu wangu."

"Ahaa! Ndiyo maana unaficha jina. Hongera, mzee. Na wewe ulimpa ngapi?"

"Ya lugha? Hamsini na nane."

Rula alivua miwani. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, kwani ulikuwa unasahihisha malaika? Ofisini tulikuwa tukichora mstari kwenye orodha zako na kuongeza thelathini kabla ya kuzipeleka wizarani. Tulidhani unajua."

Sikujua. Kwa miaka thelathini na moja, alama zangu zilikuwa zikisahihishwa, na mimi sikuwa nikiambiwa. Nilitembea kurudi nyumbani, goti au hakuna goti.

Halafu nikalifungua daftari la mwaka wako. Nimelinakili hapa bila kubadili kitu: watahiniwa mia mbili na kumi na wawili. Wa kwanza, binti yangu, 61. Wa pili, 54. Siku ile nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla ya nyumbani, nikatembea, ili uso wangu upoe. Sikutaka mfike mlangoni mkanikuta nina furaha, mkadhani nimekupendelea. Nilikuwa na yakini kwamba unajua. Matokeo ya wilaya yalibandikwa ukutani ofisini kwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto haingii ofisini kwa baba yake kusoma ukuta.

Uliniomba niandike ripoti nyingine. Sitaiandika. Alama niliyoitoa siifuti. Nikiifuta hii, itanibidi nizifute zote, na wapo ambao hawapo tena kupewa nyingine. Lakini mtu anayepima hudaiwa kuonyesha kipimo chake, nami sikuonyesha changu, kwako wala kwake. Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu mkuu barua. Nimemweleza hayo yote, pamoja na habari ya Rula. Nimeambatanisha nakala ya kurasa tatu za madaftari, alama zangu, alama za Rula, na karatasi zenyewe ili asahihishe na yeye akipenda.

Kuhusu fomu ile uliyoifuta, sina barua ya kuiandikia. Nimekaa nayo. Nisamehe.

Baba yako

~

Tarehe 22 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa macho yamevimba. Barua yako niliisoma kwenye chumba cha plasta wakati wa chakula. Msimamizi aliingia, akanitazama, akasema vumbi la plasta ni baya sana leo, akafungua dirisha. Hakukuwa na vumbi.

Nilikuwa wa kwanza. Nimeyaandika maneno hayo mwishoni mwa daftari langu la vipimo ili niyaone yakiandikwa. Baba, nina hasira bado kidogo, nayo itaisha yenyewe, usiihimize. Lakini nimecheka pia, peke yangu, njiani: ulishuka vituo viwili kabla!

Barua ya mwalimu mkuu niliipeleka mwenyewe na kumtafsiria mstari kwa mstari. Ni mama mfupi, miwani yake hukaa kichwani muda wote na sijamwona akiivaa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilifundishwa na mtu kama huyu. Bado namwota." Kisha akazisukuma alama zote pembeni, zako na za Rula. Hazimsaidii, akasema, moja ni ya baridi na nyingine ya joto. Anataka kuongea na mtoto mwenyewe kwa video, Alhamisi saa nne za asubuhi kwenu.

"Babu asiwepo," akasema.

Nikamwambia hilo haliwezekani, nyumba ni ya babu.

Akafikiri. "Awepo, ila asiseme."

Baba, nakusihi. Asiseme.

Binti yako

~

Tarehe 26 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, sitaihimiza.

Sikusema.

Mumeo aliisimamisha simu juu ya meza kwa kibao alichokiranda maalumu kwa kazi hiyo. Tonge alipelekwa kwa jirani. Mimi niliketi nyuma ya simu, mahali ambapo mwalimu mkuu hakuniona, nikiwa nimeshika mkono wa kiti. Mjukuu wangu alivaa gauni la kijani na soksi zisizolingana. Nilinyamaza hata juu ya hilo.

Waliongea kwa lugha ya huko, ile niliyomfundisha vitabuni. Sauti ya mama yule ni ya haraka, na mara mbili mtoto alimwomba arudie. Aliulizwa hesabu ya mafungu, akakosea hatua ya pili. Akaitazama, akasema, "Ngoja, hii inanidanganya," akairudia, akaipata. Kisha akaambiwa aeleze jambo lolote analolijua vizuri. Akaeleza namna mfupa unavyojiunga. Alipokwama kwa neno, alinyanyua mguu wake juu ya meza, akaonyesha kwa kidole. Mbele ya mwalimu mkuu! Mama yule akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akausogelea mguu.

Mwisho akamwuliza kama ana swali. Hilo lilikuwa kosa. Nilihesabu kumi na saba. Kwa nini shule yenu haina kengele? Mtoto akimaliza kitabu kabla ya wengine anafanya nini? Mnapobishana na mwalimu, nani huamua? La mwisho lilikuwa: "Mkutubi akikiazimisha kile kitabu cha mifupa, anarudishiwa na kurasa zote?" Mama alicheka hadi picha ikatikisika.

Simu ilipokatika mtoto alinigeukia. "Babu, nimepata ngapi?"

Nilifungua kinywa, binti yangu. Namba ilikuwa tayari. Nikaifungia ndani. Nilimwambia kwamba ile hatua ya pili ya mafungu alivyoirudia ilinifurahisha kuliko kama asingeikosea. Alinitazama kwa mashaka, akaenda kumchukua mdogo wake.

Baba yako

~

Tarehe 30 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima.

Wamempokea! Shule ya matofali, mlango uliobanduka, yote. Karani alinipa karatasi kwa mikono miwili na kuniomba radhi kwa lile swali lake kuhusu kupendwa. Nimemwambia mzee wangu amelisamehe. Umelisamehe?

Lakini kuna jambo. Mwalimu mkuu aliniketisha. Alisema, "Akili ya mtoto huyu sina shaka nayo. Lugha yetu anaijua kwa vitabu, hajawahi kuichezea." Kwa hiyo ana nafasi mbili, moja tu tuichukue. Darasa la sita, na wenzake wa umri wake, lakini kila siku baada ya shule atabaki saa moja na nusu kwa masomo ya lugha, na mwaka wa kwanza, anasema, atakuwa kimya kuliko alivyozoea. Au darasa la tano, mwaka mmoja nyuma, ambako mambo huenda polepole, atafahamu utani wa wenzake tangu wiki ya kwanza, lakini hesabu zote atakuwa amekwisha kuzisoma na wewe, na huenda akachoka.

"Hakuna jibu baya," akasema, "ila jibu si langu."

Nimeligeuza siku mbili. Nikifikiria la sita, namwona amekaa kimya, na Bi Kwanini aliyekaa kimya simjui. Nikifikiria la tano, naliona neno "amerudishwa" likimfuata. Mume wangu anasema chagua wewe uliyeiona shule. Lakini nikishika kalamu naiona fomu yangu ileile. Karatasi haijakamilika hadi darasa lijazwe: fundi saa anaisubiri hadi tarehe kumi, shule wanataka jibu siku mbili kabla ya hapo.

Wewe umepanga watoto madarasani maisha yako yote. Amua, Baba, nami sitabisha.

Binti yako

~

Tarehe 2 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mwambie karani kwamba swali lake lilikuwa la halali, na kwamba mkaguzi mzuri huuliza hivyohivyo.

Umeniomba niamue. Miezi miwili iliyopita ningekujibu kabla wino haujakauka. Nimepanga maelfu ya watoto katika madarasa, nikisoma namba kutoka juu kwenda chini na kuchora mstari mahali fulani. Juu ya mstari huku, chini ya mstari kule. Jana nilijaribu kumkumbuka hata mmoja niliyemwuliza yeye mwenyewe. Sikumpata.

Nikamwita Bi Kwanini barazani. Nikamsomea barua yako yote, hata mahali unaposema humjui akiwa kimya. Nikamwuliza anataka darasa lipi.

Akaniangalia kana kwamba nimevaa viatu vya mtu mwingine. "Babu, kwani wewe hujui?"

Nikamwambia, "Sijui."

Ni neno fupi, nami sijapata kulisema mbele ya mwanafunzi. Nilidhani ataogopa. Badala yake alisogeza kiti chake karibu na changu, akakunja miguu, kama mtu aliyekaribishwa kazini.

"Basi tutafute," akasema. Kisha akaanza. Je, wa darasa la tano na wa la sita hucheza uwanja mmoja? Wanaobaki kusoma lugha jioni ni wangapi, na wanatoka wapi? Mtu akikaa kimya mwaka mzima, wenzake watajuaje kwamba si mjinga? Na anayechoka na hesabu, anaruhusiwa kumfundisha mwenzake? Siku ya kwanza, mgeni huketi na nani? Niliyaandika yote kama alivyoyasema, nayo yako kwenye karatasi ya pili. Nimekagua shule mia nne na zaidi, na katika maswali hayo, mawili tu nimewahi kuyauliza.

Nenda kamwulize mwalimu mkuu, unijibu kwa simu ya mumeo hata kama ni kwa maneno machache yasiyo na nukta. Bi Kwanini ameomba siku tatu baada ya majibu hayo, ayafikirie peke yake, na nimempa. Mumeo nimemkataza kumpa ushauri, nami nimejikataza.

Akishaamua nitakuandikia saa ileile, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama si uamuzi ambao ningeufanya mimi.

Baba yako